Mapigo Saba ya Feni

Jumatatu, 3 Juni

Nimehamishwa rasmi. Miaka minne ya kukunja mashuka, kwisha! Sasa ni mtu wa grisi – chini ya mama mkwe wangu. Kiwanda kizima cha kufua kimecheka. Yule dada wa pasi kanipa pole: nyumbani mama mkwe, kazini mama mkwe, utapumulia wapi? Nikamwambia nitapumulia puani kama siku zote.

Wao wanamwita Bi Grisi. Miaka ishirini na miwili analisha beringi za mashine zote. Mimi namwita Mama, tangu siku mwanawe aliponileta nyumbani na yeye akanitazama viganja kabla ya uso. "Ana mikono ya kazi huyu." Ndiyo karibu niliyopewa! Nilinuna wiki nzima. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu.

Somo la kwanza: kujaza bomba la grisi. Mimi nilidhani unachota, unasokomeza ndani, basi. Loh! Kwanza unasawazisha grisi ndani ya ndoo kwa mwiko, isibaki na shimo hata moja. Halafu unazamisha mdomo wa bomba, unavuta fimbo ya nyuma polepole, polepole kabisa, mdomo ukiwa umezama muda wote. Ukiunyanyua kidogo tu, limenyonya hewa. Na hewa hiyo haionekani. Inajikalia katikati ya grisi. Siku unapiga mpini kwenye beringi, kinachotoka ni upepo, na wewe unaondoka umeridhika.

Nimeunyanyua mara tatu. Mara tatu kairudisha grisi yote ndooni na kuniambia, "Anza." Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningekuwa mimi, mwiko ungeshapaa.

Jumatano, 5 Juni

Leo kulaza mabomba. Ndiyo, yanalazwa! Rafu ya chini, mbali na joto la boila. Fimbo imevutwa nyuma na kufungwa, springi isiikandamize grisi usiku kucha. Ikikandamizwa, mafuta yanajitenga yanavuja, inabaki grisi kavu yenye matundu, na matundu ni nyumba ya hewa. Mdomo unafutwa, unavishwa kikofia cha kufunga kwa uzi.

Vikofia kavishona mume wangu kwa mashuka yaliyochanika. Cha bluu cha bomba la Mama, cha njano cha langu. Fundi cherehani mzima analalamika eti mabomba yana nguo kuliko yeye.

Kila beringi ina idadi yake ya mapigo. Mapipa ya kufulia kumi na mbili. Rola ya pasi tano. Feni kubwa ya kukaushia saba, usizidishe. Mama anahesabu kwa sauti, kama anaita roho za watu. Lakini ananionya: mdomo usikudanganye, anayehesabu ni mkono. Grisi inakusukuma. Hewa inalegea. Nimejaribu nikaisikia – kweli! Mpini wenye grisi una uzito, wa hewa unakwenda bure. Nimefurahi kama mtoto. Nikamwonyesha mume wangu kwa mpini wa jiko la stovu, hakuelewa kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Feni imeungua beringi.

Moshi, harufu, kelele ya chuma, halafu kimya. Mashuka mabichi yamerundikana mpaka mlangoni. Msimamizi kaja macho mekundu, moja kwa moja kwangu. Mgeni ndiye mchawi! Kasema beringi hiyo haijatimiza mwezi. Ikiungua nyingine, kati yetu mmoja unga wake umemwagika.

Mama kasimama katikati yetu. "Feni ninapiga mimi. Bomba langu, nimejaza mwenyewe. Mapigo saba." Msimamizi kamtazama, kanitazama, katikisa kichwa. Anadhani Mama ananikinga. Wote wanadhani hivyo. Mchana nimekula peke yangu, dada wa pasi kajitia hamnazo. Nilitamani kumwagia mtu ndoo.

Jioni nikabaki kufunga chumba cha vifaa. Kwa woga nikajaribu bomba langu kwenye kitambaa. Grisi safi, uzi mmoja, haukatiki. Nikasema haya, na hili la bluu? Pigo la kwanza grisi. La pili – puf! La tatu – puf! Limekohoa mpaka la nane.

Basi hata zile saba za feni zilikuwa upepo hivihivi. Na yeye alizihesabu, nilimsikia, hakuruka hata moja.

Nimelivisha kikofia. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Juni

Mama kafunua sufuria inayochemka kwa mkono mtupu. Mvuke wote mkononi. Kaweka mfuniko chini taratibu, anaendelea na maneno yake kuhusu jirani. Mume wangu kacheka: mama yangu ana mikono ya chuma. Sikucheka. Baadaye nimemwona anakitazama kidole chake – kimevimba lengelenge – anakishangaa, kama cha mtu mwingine.

Ndiyo maana vifungo vya gauni nafunga mimi siku hizi. Nilidhani ni mapenzi tu! Na uzi wa sindano kashaacha kumtungia mwanawe. Na vikombe viwili vilivyomponyoka mwezi uliopita. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu.

Vidole havisikii. Mpini ukilegea hajui.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya pili natoka nyumbani kabla yake. Nimemwambia eti nafanya mazoezi ya viungo. Mimi! Kaniangalia kiunoni.

Nafungua kichwa cha bomba lake, natoa grisi yote, nasawazisha ndoo, navuta upya. Narudisha kichwa bila kukikaza, naachia springi, nangoja mpaka grisi ichungulie pembeni, hewa ya mwisho itoke. Kisha nakaza. Napiga mara mbili kwenye kitambaa. Safi. Nalilaza, naweka kikofia, natoka kuzunguka uani mpaka jasho linitoke, nisije nikaonekana mwongo.

Anakuja, anachukua bomba lake, anapanda ngazi, anahesabu. Saba za kweli. Nasimama chini natazama visigino vyake vilivyopasuka. Nampenda huyu mama, jamani. Hata sikujua ni kiasi hiki.

Ijumaa, 14 Juni

Kanikamata!

Nimefungua mlango, nimemkuta kakaa juu ya ndoo ya grisi, bomba la bluu mapajani. Kaniuliza mazoezi yanaendeleaje. Nikaanza kujiumauma. Akanyanyua kikofia: "Mimi nafunga fundo moja, mwanangu. Wewe mawili."

Nikakaa chini sakafuni. Boila ikawashwa.

Kisha kasema. Ilianza mwaka jana, ncha za vidole tu. Sasa ganzi imefika hapa – kanionyesha kwa bisibisi, kwenye kifundo cha mkono. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge, anavimeza chooni tusimwone. Kuhusu ile beringi, alijua siku ileile kwamba kosa ni lake. Alisema "nimejaza mwenyewe" akitaka waamini, hawakuamini, na hakuwa na moyo wa kusema mara ya pili. Kwa hilo kaniomba radhi. Mama mkwe, ananiomba radhi mimi!

"Nikikaa nyumbani nitaongea na ukuta," kasema. "Na ukuta wenu hauna maneno." Kaniapisha nisimwambie mwanawe.

Nimelia. Yeye hakulia, kanifuta uso kwa kitambaa cha kazi. Nimeshinda na grisi shavuni na hakuna aliyeniambia.

Tumepatana: najaza mimi mabomba yote mawili, na mpini nitashika mimi. Yeye ataniongoza.

Jumatatu, 17 Juni

Kuongozwa na Mama ni kazi! Inua kiwiko. Usilikabe bomba, si mwizi. Futa nipeli kwanza, hapo grisi inapoingilia, unataka kuilisha beringi mchanga? Leo kanipiga kofi la mgongo kwa kupiga kumi na tatu badala ya kumi na mbili. Nami nikamwambia akinipiga tena nitamrudisha kwa mwanawe. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Halafu kafanya jambo ambalo sijawahi kuona. Kachukua mwiko, ncha moja kwenye nyumba ya beringi, nyingine sikioni. Kapita hivyo mashine moja moja, macho kayafumba. Kwenye pipa la tatu kakaa sana. "Hili linalia." Nikaweka sikio mimi – ngurumo tu, ileile ya siku zote. Kasema chini ya ngurumo kuna mchanga unatembea. Sikuusikia. Nitajifunza.

Mchana msimamizi katuita. Jumatano anataka kumwona Bi Grisi peke yake akipiga feni yenye beringi mpya, mbele yake. Ikienda vizuri, basi ni wazi kosa lilikuwa langu, narudi kwenye mashuka kesho yake. Kasema kwa upole kabisa, kama ananifanyia hisani.

Nimehesabu kwa kila upande. Nikimjazia vizuri, Jumatano anafaulu – na Alhamisi yuko peke yake na bomba lake na vidole vyake. Nisipomjazia, anaumbuka mbele ya watu. Nimemwambia Mama hivyohivyo. Kajibu nikajaze vizuri, mengine nimwachie yeye.

Jumanne, 18 Juni

Hakula. Kasema kashiba. Mume wangu kauliza mnafichana nini ninyi wawili. Tukajibu kwa pamoja: hakuna. Haikusaidia.

Jumatano, 19 Juni

Saa tano asubuhi. Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya msimamizi, juu ya goti. Mama yuko kushoto kwangu.

Nilijaza alfajiri. Sijawahi kujaza vizuri namna ile. Nilisawazisha ndoo mpaka nikajiona ndani, nikavuta fimbo kama navuta mwiba mguuni mwa mtoto.

Saa tatu wakaja – msimamizi, fundi mkuu, dada wa pasi kajileta mwenyewe. Mama kapanda ngazi. Kafuta nipeli. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Grisi ilikuwa inaingia, naapa, hata kutoka chini niliuona mpini ulivyo mzito.

Akaacha. Nikasema moyoni, piga, Mama, bado mbili! Akageuka hukohuko juu.

"Baba," kamwambia msimamizi, "bomba hili kajaza mkwe wangu. Lingekuwa na hewa, nisingejua. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Ile feni niliiunguza mimi, na nilikwambia."

Dada wa pasi kaangalia viatu vyake. Nami nikajikuta nimeshapanda ngazi, niko nyuma yake, nimeshika mpini juu ya mkono wake. Sita. Saba. Zote mbili nzito. Tukashuka.

Msimamizi kavua kofia, kaivaa, kaivua tena. Kasema Bi Grisi, sasa nikufanyeje? Mama kamjibu kwamba atakavyofanya ni juu yake, ila kwanza aamuru pipa la tatu lifunguliwe, maana beringi yake haimalizi wiki. Mikono ndiyo imekufa, kasema, sikio bado. Fundi mkuu kaguna kwamba lilikaguliwa mwezi jana na ni zima. Mama kasema fungua. Na kama ni zima, kasema, yeye anaondoka leo bila kupeana mkono na mtu.

Ala! Hilo hatukupatana! Nimemwambia hapa benchini, kwa nini umesema hivyo? Kasema limemtoka.

Tunasikia spana zao hapohapo nyuma ya ukuta. Bolti ya kwanza imeanguka kwenye sahani. Ya pili. Ziko sita. Mama kauliza naandika nini muda wote huu, nimemwambia orodha ya sokoni. Kasema niongeze sabuni.

Ya nne. Mtu kasema shikilia hapo. Mama kanishika mkono wa kushoto, na kila bolti ikianguka anaminya zaidi. Ananiumiza kweli. Pete yangu imezama kwenye nyama, kidole kinageuka cheupe, na yeye anatazama mlango, hajui hata kidogo anavyobana. Simwambii.

Ya tano. Naweka kalamu, nimshike na kwa mkono wa pili.