Mafuta Mekundu ya Kamioneti

Jumatatu, 14 Septemba

Tena imekataa. Papa amewasha, injini inanguruma vizuri, amesogeza mkono wa vitesi, wa gia, mpaka D, na kamioneti imekaa palepale. Tukangoja. Halafu ikaruka ghafla. Maman alikuwa nyuma na magunia ya mchele, akayaangukia. Hajamsemesha Papa mpaka sasa.

Nimechoka na hii gari. Ilikuwa ya Mgiriki wa duka la kona, Papa alikuwa shofa wake. Mgiriki alipokimbia alimwachia Papa funguo, basi. Ya Kiamerika, kuukuu. Haina embrayage, ile pedali ya klachi. Pedali mbili tu, inabadili vitesi yenyewe. Kisangani nzima hakuna fundi anayeielewa. Papa anajua kuiendesha, lakini ndani yake hapajui.

Shule bado imefungwa tangu waasi walipoingia mjini. Sina la kufanya ila kuangalia watu wazima wakiharibu vitu.

Jumatano, 16 Septemba

Tonton Rashidi amekuja kutengeneza, Papa akiwa sokoni. Ni mdogo wa Papa, fundi wa baiskeli. Amekaa kwenye usukani kama waziri.

Karibu na usukani kuna herufi: P, N, D, L, R. Akazieleza zote kwa Kifaransa. “P, partir, ni kuondoka. R, rouler, ni kutembea. Bon, turoule!” Akaweka R. Kamioneti ikarudi nyuma mpaka ukuta wa jikoni. Ukuta umeanguka nusu. Kuku mmoja amekufa.

Maman alimwambia: “Rashidi, na D ni nini? Démolir, kubomoa?”

Nilijua. Mgiriki aliwahi kunionyesha nilipokuwa mdogo: R ni nyuma, P ni kusimama. Nilikuwa mlangoni, hatua chache tu. Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Siku zote ni hivyo. Sista darasani aliniambia kila mara, plus fort, ma fille, plus fort, ongeza sauti. Nimesomeshwa lugha mbili, na zote mbili zinanikwama kooni. Najichukia.

Tumekula kuku.

Jumamosi, 19 Septemba

Tonton amechomoa jauge, ule ufito mrefu wa chuma wa kupimia mafuta ya boîte, sanduku la vitesi. Injini imezimwa, imepoa, kama anavyopima mafuta ya injini. “Imejaa,” anasema. “Donc, tatizo iko ndani. Tufungue.” Akaomba nyundo. Nyundo!

Mgiriki hakupima hivyo. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilipenda ile rangi. Alikuwa anarudi safarini, gari ina moto, anaiacha inawaka kwenye uwanja ulio sawa. Anachomoa, anapangusa kwa kitambaa cheupe, anarudisha, anachomoa tena. Halafu ananusa. Mekundu na safi ni mazima. Yakiwa meusi na kunuka kama yameungua, ni shida.

Nikaenda kumnong'oneza Maman jikoni. Maman akatoka na mwiko mkononi, akasema kama ni maneno yake mwenyewe: “Ninyi wanaume, mupime ikiwa inawaka!”

Tonton alicheka sana. Papa akajaribu. Jauge ikatoka karibu kavu.

Hakuna aliyecheka tena. Papa akamsifu Maman. Maman akanitazama, mimi nikatazama chini. Nilikasirika mchana wote. Sijui nilimkasirikia nani.

Jumapili, 20 Septemba

Nimeingia chini ya gari mwenyewe. Papa alisema, “Wewe iko na macho ya kusoma, angalia kuko nini.” Nikasugua boîte kwa petroli mpaka bamba dogo likaonekana. Kiingereza. Sikielewi, lakini jina lililoandikwa pale ni lilelile la makopo mawili yaliyobaki kwenye stoo ya Mgiriki. Tonton alikuwa anasema ni ya breki. Siyo ya breki.

Tumemimina kopo moja, kidogo kidogo, injini inawaka, tunapima na kuongeza.

Inatembea! Hairuki, haingoji. Inateleza kama pirogi, mtumbwi unaoshuka na maji. Papa akazunguka mtaa wetu wote wa Kabondo akipiga honi, Tonton nyuma anapungia watu mkono. Nilicheka mpaka nikalia.

Inavuja kidogo kwa nyuma. Matone mekundu mchangani. Papa anasema tutakuwa tunaongeza. Kopo la pili nimeliweka chini ya kitanda changu, Tonton asije akalitia kwenye baiskeli.

Alhamisi, 24 Septemba

Wameichukua.

Kila mtu aliisikia ile honi, na waasi pia. Walikuja asubuhi, komanda na vijana wengi. Shofa wao akaingia, akatafuta embrayage kwa mguu wa kushoto, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Vijana waliokuwa nyuma wakarundikana kama mihogo. Komanda alitukana. Halafu akamwangalia Papa.

“Wewe unaijua. Panda.”

Papa hakurudi ndani kuchukua hata shati.

Mwaka huu mwenye lori wa jirani alichukuliwa hivyohivyo, kuwapeleka kwenye mapigano. Lori lilirudi. Yeye hapana.

Ni mimi. Ingekuwa bado inaruka na kugoma, wangeiacha. Mimi ndiye niliyeiponya.

Ijumaa, 25 Septemba

Maman anaswali, anapika, anaswali. Tonton anajenga ukuta wa jikoni. Na mimi, ambaye sisemi kamwe, leo nataka kupiga kelele.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimefanya kitu.

Kijana mmoja wa komanda, mwenye bunduki, alikuja kwa baiskeli. Alisema wako njia ya Banalia, kamioneti imeanza kukataa, kesho wanapaswa kusonga mbele. “Papa yako anasema mafuta ya boîte imekwisha. Anasema uliza binti, yeye anajua.”

Papa anajua kopo liko wapi, aliniona nikilipeleka. Angeweza kusema: liko chini ya kitanda. Hakusema. Au alisema na huyu amesahau? Sikuweza kuuliza.

“Sema basi! Mafuta gani?”

Nikasema: “Ni mekundu.”

Ndiyo kweli. Ni mekundu.

Akangoja niendelee. Akatazama huku na huku, akaona mtungi wa mawese, mafuta mekundu ya kupikia, mlangoni, ule mkubwa wa Maman. Akachovya kidole, akakitazama kwenye jua. “Hii?”

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitazama chini kama ninavyotazama kila siku.

“Hii bubu,” akamwambia Maman. Akaubeba mtungi, akaufunga kwenye baiskeli, akaenda.

Maman hakuyalilia mawese yake. Alikaa chini, akanishika kifundo cha mguu, hakuachia.

Alhamisi, 1 Oktoba

Hakuna habari. Najua itakavyokuwa: ikipoa asubuhi mawese yataganda, ikipata moto yataungua, boîte itakufa. Nilitaka ife. Lakini wakisema ni Papa aliyeiua? Mawese yalichukuliwa na mtu wao, kwa mkono wake. Najiambia hivyo. Halafu nafikiria komanda anayetafuta wa kumkasirikia, na Papa amesimama pale na shati moja.

Na kama Papa alikuwa anataka lile kopo kweli? Kama alikuwa ananingoja mimi?

Sijala. Tonton aliniletea ndizi ya kuchoma, akasema, “Kula, mekanisie, fundi wetu wa gari.” Nimelia, akakimbia.

Jumamosi, 3 Oktoba

Papa amerudi. Saa za alasiri, kwa mguu, viatu mkononi. Maman alimwona kwanza, akaangusha ungo.

Ameoga, ameswali, amekula lituma, ndizi za kuponda, sahani mbili. Alisimulia kidogo tu. Kamioneti ilipanda kilima kimoja ikinuka kama jikoni, moshi ukatoka chini, ikasimama, haikwenda tena mbele wala nyuma. Komanda aliipiga teke. Akasema vitu vya Wagiriki vina uchawi, akachukua lori la watu wengine. Wakamwambia Papa shofa bila gari ni mdomo wa kulisha tu, aende zake. Iko huko kando ya njia, majani yataifunika.

Nimefikiria bamba lile nililolisugua.

Tulibaki wawili barazani, mimi na Papa. Alikuwa anatazama mahali kamioneti ilipokuwa inasimama. Matone bado yako mchangani, yamekuwa meusi.

“Ile kopo iko bado?”

“Iko. Chini ya kitanda.”

“Bon,” akasema. “Acha hapo.”

Akanisogezea kiti chake, yeye akakaa kwenye mkeka.