Sentensi Iliyokatwa Katikati

Mama yangu,

Shikamoo. Kaka Idi ameniambia goti lako limepungua kuuma na umerudi mgahawani. Nimefurahi, ila masufuria waachie wasichana. Hapo Mikumi mvua zimeanza? Mimi ni mzima. Huku Uholanzi baridi inaanza kulegea, siku hizi naenda kazini bila glavu.

Uliniuliza mbona nimekuwa kimya. Kwenye simu sikutaka kulieleza jambo lenyewe juu juu, kwa hiyo nimekaa niandike.

Mtafiti huku, Mama, hapimwi kwa wagonjwa waliopona. Anaandika makala, inachapishwa kwenye jarida, kisha watafiti wengine wakiandika za kwao wanaitaja kama ushahidi. Kompyuta inahesabu. Ukitajwa sana, wewe ni mkubwa. Mwaka huu kamati ya chuo ilikuwa inaamua kama nipewe ajira ya kudumu au mkataba wangu uishe, na kila mtu aliniona niko salama, kwa sababu makala yangu moja inatajwa kuliko zote za idara.

Ni ile ya homa inayotokana na kunywa maziwa mabichi, niliyoitafiti kwa wafugaji wa Kilosa. Wewe ndiye ulinipeleka kwa Mama Naserian, anayekuletea maziwa. Mtoto wake alikuwa amelala mapajani, mwili unachemka. Nilimuuliza kwa nini hakumpeleka hospitali, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Hospitali naitaka," alisema. "Mto umejaa. Nipite wapi?"

Nikaandika hivyo. Sentensi yangu ilisema: inadaiwa wafugaji wanakwepa hospitali kwa sababu ya mila, lakini tulichokuta sisi ni mito iliyojaa na njia ndefu.

Nilipokuwa natayarisha faili la kamati, nikaamua kuwasoma wanaonitaja. Kwa kawaida hatusomi, tunaangalia jumla tu. Wa kwanza kaandika kwamba wafugaji wanakwepa hospitali kwa sababu ya mila, akaweka jina langu. Wa pili vilevile. Karibu wote walichukua nusu ya kwanza, nusu ya pili wakaiacha. Mmoja alishauri wafugaji wapelekewe semina za kuacha mila. Daraja la kuvukia mito hakulitaja. Nikarudi nyuma, makala kwa makala, mpaka kwa aliyeanza. Alikuwa profesa wangu, mkuu wa idara, na ni mjumbe wa kamati hiyohiyo. Wengine walinakili kwake bila kuifungua ya kwangu.

Nikamwendea ofisini na makala zote mbili, yake na yangu. Alisoma, akavua miwani.

"Ni kweli, nilisoma haraka," alisema. "Tutarekebisha. Subiri kamati ikae kwanza."

"Kamati ikikaa, nitakuwa nimepewa kazi kwa kosa hili."

"Utapewa kazi kwa sababu unatajwa, Zuhura."

"Natajwa kwa nisilolisema."

Alivaa tena miwani. "Sikukatazi. Lakini ukiandika sasa, wataanza kuuliza juu ya kila kilichomo kwenye faili lako. Na juu yangu pia."

Si mtu mbaya, Mama. Ndiye aliyenitafutia nafasi ya kuja huku. Nilirudi mezani kwangu nikafanya kazi nyingine siku kadhaa, nikijiambia kwamba kusubiri si kudanganya. Halafu nikajaribu kufikiria ningemwelezaje Mama Naserian kwamba nimepata kazi Ulaya kwa kumsingizia. Nikaandika sahihisho kwamba wanaonitaja wameikata sentensi yangu katikati, nikalituma kwenye jarida, wakalichapisha.

Kamati ikakaa. Ajira ya kudumu sikupewa. Wameniongezea mkataba wa mwaka mmoja, wakasema mchango wangu bado haujathibitika. Profesa aliniambia mwenyewe kwamba hakupiga kura upande wowote. Bado tunasalimiana. Chai hatunywi tena pamoja.

Nilidhani sahihisho lingezima jambo. Halikuzima. Mpaka leo hakuna aliyelitaja, na ile nusu sentensi inaendelea kunakiliwa, na hesabu yangu inaendelea kupanda. Ila wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa Uganda, nisiyemjua, aliniandikia: "Dada, na mimi nilikuwa nimeandika hivyo kwenye tasnifu yangu. Nimesoma makala yako yote. Nimeifuta sentensi ile." Nikamshukuru. Kompyuta inahesabu kilichoandikwa, kilichofutwa haikioni. Mimi nimekiona.

Nisalimie kaka Idi hapo gereji na wifi yangu. Shangazi Mwajuma wa Munisagara akija kukuona, mpe shikamoo yangu. Mama Naserian naye umsalimie, umuulize mtoto yuko darasa la ngapi sasa. Wakikuuliza kama nimepandishwa cheo, waambie bado.

Mwanao,
Zuhura