Kaka Yako Alivyosimama Mbele ya Madaktari

Walukuba,
Jinja.
26 Agosti 1990

Mpendwa shemeji Wamboga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Na kile kifua, baridi ya Nakuru bado inakusumbua? Sisi tunamshukuru Mungu. Watoto wazima, ila kitinda mimba wetu Night anaota meno na hatulali. Barua yako ya Pasaka niliipata. Kurasa mbili nzima, na uvivu wako ule! Nisamehe kwa kukawia kujibu.

Unakumbuka nilivyokuandikia kaka yako Gaster alipopigwa risasi ya nyonga, yeye na polisi wenzake wakisindikiza malori njia ya Soroti. Risasi ilitolewa, lakini mguu haukurudi. Tukaambiwa polisi asiyeweza kazi hupewa pensheni ya ulemavu, ila kwanza bodi ya madaktari kule Mbale imkague na kukubali kwamba kweli hawezi. Nikaona hilo jambo dogo. Mtu anayechechemea namna ile, nani atambishia?

Kumbe sikumjua niliyeolewa naye. Mwaka jana, siku ya bodi, alitaka kaki yake ipigwe pasi mpaka ikate, na viatu ving'ae. Fimbo akaiacha mlangoni, akaingia, akapiga saluti. Daktari mkubwa alikuwa na vyeo vya jeshi mabegani, na kaka yako akiona vyeo hana jibu jingine ila ndiyo, afande. Wakamfinya nyonga pale pale penye kovu, wakamuuliza kama panauma. Akakaza macho ukutani kama siku yake ya imbalu, alipotahiriwa amesimama, hakupepesa hata ukope, akasema hapana. Haya yote alinihadithia mwenyewe, tena kwa majivuno! Ninyi Wagisu mlifundishwa kusimama mbele ya kisu. Kulalamika hamkufundishwa.

Basi wakaandika kwamba anaweza kazi nyepesi. Akapangiwa kulinda geti hapa Jinja. Asubuhi alisimama, mchana wenzake wakamrudisha wamembeba. Tangu hapo mshahara ukakatwa, maana kwenye makaratasi yao ni mzima, na kazini haonekani. Tumekula nyanya zangu za sokoni, shemeji, na jirani yetu Kadija akawa analeta unga bila kuuliza chochote. Mungu ambariki mama yule.

Ni Kadija aliyenishauri tuombe bodi imwone tena, na safari hii niingie naye ndani. Gaster alikasirika sana. Eti mke wa askari haingii ofisi ya wakubwa wa mumewe. Nikamwambia basi atafute mke mwingine wa kumvalisha soksi.

Jumanne iliyopita tukaenda. Mbale imejaa vijana wa imbalu, wamepakwa unga, njuga mapajani, ngoma kila kona. Taksi yetu ilisimama kuwapisha. Nikamwona kaka yako ananyoosha mgongo, macho yanawaka. Nikajua tumekwisha.

Na kweli, mbele ya bodi yakawa yale yale. Saluti, kufinywa, macho ukutani. Uvumilivu ukanishinda. Nikasema, "Daktari, huyu ni Mgisu. Ukimwangalia uso hutajua kitu. Mwambie avue kiatu, halafu avae." Nilidhani nitafukuzwa, lakini daktari yule ni mtu mzima mwenye upole. Akamwambia avue cha mguu mbaya, kisha akivae mwenyewe.

Kuvua, alikisukuma kwa mguu mwingine. Kuvaa ndiyo ikawa kazi. Akainama, nyonga ikagoma. Akajaribu kwa ubavu, ikagoma. Mimi nilitaka kupiga magoti nimvalishe kama kila asubuhi, nikajizuia, roho inaniuma. Jasho lilimtiririka mpaka kola ikalowa. Mwisho akanyooka.

"Afande," alisema, "mimi siwezi."

Miaka yote niliyokaa naye, neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilimhurumia kuliko siku aliyopigwa risasi.

Wamekubali, shemeji. Pensheni itatoka. Nilidhani siku hiyo nitapiga vigelegele, lakini tulitoka pale kama watu wanaotoka mazikoni.

Tukaenda Nakaloke kwa mama yenu Nabifo. Tulimkuta uani anachambua maharage. Lile shamba la bondeni unalijua, tangu aumie Gaster hakuruhusu mtu aliguse, akisema atalilima mwenyewe akipona. Akaegemea ukuta, akamwambia mama kwamba hatalilima tena. Mama hakuacha maharage yake. Akasema, "Mimi nilijua tangu siku walipokuleta. Nilikuwa nangoja ujue wewe." Gaster akasema uitwe wewe, uje ulime.

Nimemwacha huko apumzike. Yeye hatakuandikia, kwa hiyo nakuandikia mimi. Mama Nabifo anakusalimu, Kadija pia, na watoto wanauliza sura yako ikoje.

Mungu akulinde njiani, kwa sababu najua utakuja. Ukifika, usimpe pole. Muulize tu mahindi yaanzie upande gani, kisha umwache akuamrishe mpaka uchoke.

Akupendaye na kukungoja,
shemeji yako,
Margret Kagoya