Gitaa Lililoombewa Mpaka Likafunguka

Ijumaa, Likasi. Mvua imeanza saa nane mchana na haijakata. Bati linapiga kelele juu yangu, na mimi nimekasirika kuanzia unyayo mpaka utosi.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitatenda dhambi nyingine.

Lori la kwenda Mwadingusha linaondoka kesho alfajiri. Kwa shida hii ya mafuta, hakuna anayejua lingine litapatikana lini. Mama yangu yuko kule, kijijini kando ya mto Lufira, na macho yake sasa yanaona vivuli tu. Mwezi uliopita alinitumia neno kupitia mchuuzi wa samaki: nije upesi, na nije na gitaa. Sauti yangu anaijua, alisema, anachotaka ni kusikia tena vidole vya baba. Baba ni marehemu, na katika watoto wake wote ni mimi peke yangu niliyejifunza kupiga kama yeye. Niliahidi.

Gitaa la kwaya yetu ya kanisa lipo, zuri, limelala ndani ya sanduku lake. Kamati imekataa lisafiri. Mwaka jana nilikwenda nalo vijijini kubadilisha chumvi na mahindi, likarudi limevunjika shingo. Niliwaambia gunia lililiangukia. Gunia halikuanguka. Nililala juu ya lori nikaliegemea gitaa kwa uzito wangu wote.

Kwa hiyo jana nilikwenda mtaa wa Shituru kutafuta gitaa rahisi la mateso: la kurushwa juu ya magunia, la kukaliwa, la kula vumbi. Yuko huko Papa Musonda, aliyekuwa fundi seremala kiwandani. Tangu mishahara ilipokoma anatengeneza magitaa kwa mbao za makasha ya vipuri. Ubavuni mwa lile nililochagua bado kuna mshale wa kuonyesha upande wa juu, nao unaelekea chini. Lakini nilipopiga wimbo mmoja wa baba palepale, nilitaka kulia.

Fedha zetu siku hizi hazifai hata kufungia karanga, basi nilikuwa nimechukua kitenge nilichokitunza tangu Chantal wangu azaliwe. Papa Musonda alitaka kitenge pamoja na vipande viwili vya sabuni. Mimi nilitaka kutoa kitenge tu. Hapo ulimi wangu ukaingia kazini. Nikaligeuza gitaa, nikalinusa, nikakunja uso.

“Papa, hii gitare haiko mupya. Banaipigaka mu bar. Inanuka pombe.”

Halikuwahi kuona baa; lilinuka gundi na mbao mbichi. Papa Musonda akachukua kitenge, akanipa gitaa. Nikatoka pale najiona mjanja.

Kumbe nyuma yangu alisimama Mama Vero wa kwaya yetu, amekuja kutiliwa mpini jembe lake.

Leo asubuhi nililipeleka kanisani, tulilinganishe sauti na lile la kwaya. Nikaliacha kwenye benchi, nikaenda kuhakikisha nafasi yangu kwenye lori. Nilikawia, maana dereva alikuwa amelala chini ya lori lake na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Niliporudi niliwakuta akina mama watatu wamepiga magoti. Katikati yao amesimama shemasi wetu, Papa Ilunga, kopo mkononi, jasho linamtiririka.

“Mama Chantal, usiogope,” akaniambia. “Mama Vero alituambia kama hii kintu inatoka mu bar. Tumeiombea. Sasa iko safi.”

Walikuwa wamemwaga maji ya kuombewa kupitia tundu la gitaa, kopo zima, tena ya moto, kwa kuwa shemasi aliona ya baridi hayatoshi kwa mambo ya baa. Halafu wakapaka shingo mafuta. Gundi ikalainika. Mgongo wa gitaa ulikuwa umeachana na ubavu, naweza kupitisha vidole vinne katikati.

Nilitaka kumwuliza nani alimfundisha kuogesha mbao. Nilitaka kumwuliza Mama Vero kama jembe lake halina kazi. Lakini ningesema nini? Kwamba gitaa halijawahi kuingia baa? Wangeuliza kwa nini basi nilisema hivyo mbele ya watu.

Nikasema asante.

Nikasema asante, Papa Shemasi, Mungu akubariki, naye akafurahi kwelikweli, akanishika mkono kwa mkono wake wenye mafuta. Sijawahi kumchukia mtu mwema kiasi kile.

Nikarudi Shituru chini ya mvua. Papa Musonda alilipokea gitaa, akaliinamisha, maji yakamwagika miguuni pake. Akauliza kilichotokea. Nikamweleza yote, na ulimi wangu safari hii ulikuwa mzito.

“Weye unaimba mu kanisa,” akasema, “na unasema uwongo juu ya kazi ya mikono yangu.”

“Unisamehe, Papa.”

“Nilijua tu. Bantu bote banasemaka vile. Lakini bengine habarudishi gitare na maji ndani.”

Hakutaka malipo. Alifuta, akapaka gundi upya, akalizungushia vipande vya mpira wa baiskeli, vile tunavyofungia magunia, akavikaza mpaka mbao zikalia. Akanionya nisikaze nyuzi hata moja kabla ya Jumapili jioni. Kama gundi imeshika, litaimba. Kama haikushika, litafunguka lote, na hakuna fundi kule.

Sasa liko mezani, nyuzi zimelegea. Mume wangu anapita mbali nalo, anaogopa hata kulipulizia pumzi.

Bado ningependa kumwaga kopo la maji ya moto ndani ya redio ya shemasi, hilo silifichi. Lakini linalonichoma zaidi ni jingine. Nilishika kitu kizuri, kikanipa sauti ya baba, na kwa ajili ya vipande viwili vya sabuni nikakisingizia. Sabuni hizo nimezitoa kwenye mzigo. Mume wangu atazipeleka Shituru kesho. Nikirudi nitasimama mbele ya kwaya niseme habari ya baa, na ya gunia pia.

Jumapili jioni nitakaa karibu na mama, nikaze uzi wa kwanza. Likifunguka, nitaimba bila vidole vya baba. Na mama akiniuliza lilikuwa gitaa la namna gani, nitamwambia lilikuwa zuri, na halikuwahi kuingia baa hata siku moja.