Redio Iliyosikia Tu

Bakoba, Bukoba

Mdogo wangu Riyadhi,

“Redio ya boti ilikuwa nzima, Magesa alilala tu, hakuita.” Ndivyo ulivyowaambia wenye boti wenzako, mkamfukuza nahodha wenu. Uongo! Nimeifungua hapa mezani kwangu: inapokea sauti, hairushi. Waya wa kitufe cha kuongelea umekatika ndani ya maiki. Nilipouunganisha na kuita, fundi mwenzangu wa Kahororo alinijibu papo hapo.

Nilikuuliza kwa simu uliipimaje. “Dada, nikiwasha nasikia watu wanaongea.” Kusikia ndiko kupima? Injini ilipozimika katikati ya ziwa, Magesa aliita kutwa nzima, huku akikusikia ukimtukana kwamba yuko kimya.

Mama hajambo, anakusalimu.

Wewe na wenye boti wenzako wa Muleba, mrudisheni Magesa kazini, na mumwombe radhi redioni, visiwa vyote visikie.

Dada yako,
Maimuna