Mahindi Yaliyongoja Meno Yangu

Kwako Shangazi, uliyenipukuchulia mahindi kabla sijajua kusema ahsante,

Amani iwe juu yako huko ulikolala. Sisi huku hatujambo. Mto ulishuka baada ya kujaa, ukatuachia tope lake jeusi shambani, tukapanda, na jana nimevunja mahindi ya kwanza ya kuchoma. Nilipoyapanga juu ya makaa moshi ukanipiga machoni, nikakukumbuka, nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini. Ningemwelezaje? Yeye hakuwako. Nikaona bora nikuandikie wewe uliyekuwako.

Unakumbuka nilivyokuwa. Meno yangu ya juu na ya chini yalikuwa kama majirani waliogombana. Nikifunga mdomo, magego yanagusana lakini ya mbele hayasalimiani, na taya la chini limetangulia utadhani lina safari yake. Kung'ata kitu kwa mbele sikuweza, si embe, si muwa, si hindi. Watoto wenzangu walikula mahindi mstari kwa mstari, mimi nimekaa na la kwangu mkononi linapoa. Ulikuwa unakuja, huulizi neno, unalichukua, unalipukuchua kwa dole gumba mpaka kiganja kinajaa, kisha unanimiminia. "Kula, mama. Meno yako yako njiani."

Yakawa njiani miaka mingi. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, mwaka ule uliofuata mvua za Elnino, daktari mmoja wa meno alipopita mjini Garsen akasema taya langu linaweza kukatwa na kurudishwa mahali pake, huko Mombasa. Baba alisita. "Mfupa wa Mungu unakatwaje?" Wewe ulikuwa unapeta mchele, hata hukuinua kichwa. "Mungu huyo huyo ndiye aliyempa daktari msumeno," ukasema, na shauri likaishia hapo. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo wa kunipeleka ukawa wewe.

Jioni ya kuamkia safari ulichukua jembe ukaenda mwisho wa shamba, upande wa mtoni ambako tope lilikuwa bado bichi, ukapanda mstari mmoja wa mahindi. Mahindi ya watu yalishafika magotini. Waliopita walikucheka kwamba umechelewa. "Huu si wa kwetu," uliwajibu. "Huu ni wa meno ya huyu. Yakikomaa haya, yeye atakuwa anang'ata." Nilisimama pale na ndoo ya mbegu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa, maana sasa kulikuwa na kitu kinachonisubiri.

Hospitali nakumbuka kidogo tu. Niliamka uso umevimba kama mkate wa boflo uliolowa, meno ya juu yamefungwa na ya chini kwa waya, mdomo haufunguki hata kwa nukta. Nakumbuka nesi akikupa koleo dogo la kukatia waya. Alikuonyesha namna ya kuniinamisha, kisha pa kukata, kama nitatapika au kupaliwa nikashindwa kupumua. Kisha akakuonya. "Lakini ukikata bure, mama, mfupa unaweza kuhama. Itakuwa kazi yote tumeimwaga." Ulilitia koleo uzi ukalivaa shingoni, na tangu siku ile halikukutoka. Ulilala nalo. Ulisali nalo, kila ukisujudu linagonga sakafu, ngo.

Njia ya kurudi ilikuwa mashimo matupu, mvua zilikuwa zimeila. Ulikifunga kichwa changu kwa leso, ukakilaza mapajani pako, na toka Malindi mpaka Garsen hukuacha kumkemea dereva. "Polepole baba, nimebeba mayai!" Abiria wakawa wanatafuta hayo mayai chini ya viti.

Nyumbani balaa likawa salamu. Wajua kwetu mtu hasalimiwi neno moja akaachwa. Atasalimiwa yeye, nyumba yake, shamba lake na kikohozi chake cha mwaka jana. Mimi nikawa najibu kwa macho, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba nimerudi na maringo ya Mombasa. Ukajiweka mlangoni ukawa mdomo wangu. "Anasema hajambo. Anasema na nyinyi je? Anasema amefurahi mmekuja." Nilikuwa sijasema kitu. Siku ile mke wa mvuvi alipokuja na kambare wawili mkononi, akiwapeleka kwake, ukaniinamia kama unayesikiliza, kisha ukamwambia, "Anasema hao samaki waache hapa, atawanywa supu." Aliwaacha kweli! Mimi nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, nikitetemeka kwa kicheko kisicho na pa kutokea.

Supu uliichuja kwa leso kuukuu mpaka isibaki hata nywele ya mwiba. Mirija ya hospitali ilipokwisha ukakata bua la jani la mpapai, ukalisafisha, nikanywea hilo. Uji, supu, maziwa, uji tena. Nguo zikaanza kunipwaya. Mama alikuwa akinitazama anageuka kando kujifuta machozi, lakini wewe ulikuwa ukinishika mkono tunaenda mwisho wa shamba kuutazama ule mstari. Ulikuwa umefika kiunoni mwangu. "Huu unanenepa kwa niaba yako," ulisema.

Kisha wakaja nyani.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba nyani wa mtoni hamwogopi mwanamke. Akiona leso anaendelea kula, tena anakukazia macho kama mwenye shamba. Akiona mwanamume anakimbia. Baba alikuwa na kibarua chake Garsen, na mimi niliyekuwa napiga ukelele ukasikika ng'ambo ya pili nilikuwa nimefungwa mdomo. Niligonga debe, nyani wakalizoea kama ngoma ya harusi. Asubuhi moja tukakuta mabua ya mwanzo wa mstari yamelazwa. Ulisimama ukayatazama, ukarudi nyumbani.

Uliporudi sikukujua. Ulikuwa umevaa kikoi na shati la marehemu mumeo, kofia yake kichwani, fimbo begani, na kwa masizi ya sufuria umejichora sharubu. Ulitembea umepanua miguu, ukikohoa. Shangazi, nyani waliondoka! Waliondoka wote, na yule dume lao alikuwa akigeuka nyuma kuhakikisha. Nilikaa kivulini na kibuyu cha maziwa na bua langu la mpapai, nikaona raha kuliko siku zote tangu nitoke hospitali.

Hapo ndipo alipotokea Mzee Barisa, Muorma, akiteremsha ng'ombe kwenye njia yao ya kwenda mtoni. Alimwona mwanamume mwenzake, akasimama kumpa haki yake.

"Mzee, salama?"

"Salama," ukajibu, kwa sauti iliyotoka chini ya kisima.

"Nyumba iko salama? Watoto iko salama?"

"Salama."

"Ng'ombe yako iko salama?"

"Salama kabisa." Hukuwa na hata mbuzi.

"Bibi yako nayo iko salama?"

Ukajipangusa sharubu. "Huyo," ukasema, "ni mkali sana."

Nilicheka na maziwa mdomoni. Meno yamefungwa, maziwa yakakosa njia, yakapanda puani na mengine yakashuka kusikotakiwa. Nikavuta pumzi, haikuja. Nikavuta tena. Nilikuona ukitupa fimbo, kofia ikianguka, unakuja mbio umekishika kikoi kisikuache. Ukapiga magoti, ukanipanua midomo kwa vidole, na nikahisi chuma baridi kwenye ufizi.

Koleo likasimama hapo bila kukata. Nilikuwa nakutazama, na uliyokuwa unayawaza niliyajua yote, maana nami nilikuwa nayawaza: ukikata napumua, na ukikata huenda taya likarudi lilikotoka, na ule mstari ukomae bila mwenyewe. Kisha ukakumbuka alichosema nesi kabla ya habari ya kukata. Kichwa chini kwanza! Ukaliachia koleo, ukanipindua juu ya goti lako, ukanipiga mgongoni. Maziwa yakamwagika puani na kwenye pembe za mdomo, na pumzi ikapita kati ya meno ikipiga mluzi. Sijapata kusikia wimbo mzuri kama ule.

Ulikaa topeni ukinikumbatia, unalia na kucheka pamoja, na sharubu zinateremka mpaka kidevuni. "Mwanangu! Mwanangu!" Mzee Barisa alikuwa amesimama palepale, ng'ombe wanampita. "Wallahi," akasema, "mzee huyu iko na sauti ya mama." Tangu siku ile alituletea maziwa kila asubuhi. Aliyaweka mlangoni na ujumbe wake mmoja: "Hii ya mtoto. Lakini asicheke."

Waya zikaja kufunguliwa huko Mombasa, na daktari akafurahi: mfupa ulikuwa umetulia. Nilidhani nitashuka basi nikimbilie shambani. Kumbe mdomo uliofungwa mwezi na nusu husahau kazi yake. Ulifunguka upana wa kidole, basi. Daktari alisema niunyooshe taratibu, nawe ukanichongea vijiti bapa vya mti wa mswaki, nikawa navipachika kati ya meno, leo vichache, baada ya siku kadhaa naongeza kimoja. Na mahindi hayangoji mtu. Kila asubuhi ulikuwa unafunua ganda la hindi moja kule mstarini, unabinya punje kwa ukucha. Maziwa yakiruka, unanipigia kelele toka huko, "Bado! Yangali na maziwa!" Nami nilikuwa naongeza kijiti huku machozi yakinitoka, nikiyaomba yangoje.

Yalingoja. Siku uliyobinya na maziwa yakatoka kwa shida, ulivunja hindi hapohapo ukalileta motoni. Ulilichoma polepole, unaligeuza kama mtoto wa kuogeshwa. Watu walikuwa wamejaa uani, na mke wa mvuvi akiwamo. Ukaniwekea mkononi. Dole gumba lako nililiona likisogea lenyewe kutaka kupukuchua, ukalirudisha ukalificha chini ya leso.

Nikafungua mdomo kadiri ulivyoweza kufunguka. Nikang'ata. Meno ya juu yakakutana na ya chini, na punje zikakatika, Shangazi, zilikatika kwa mbele! Ulininyang'anya hindi sijamaliza kutafuna, ukazunguka nalo kijiji kizima. "Tazameni alama! Ya juu haya, ya chini haya!" Vigelegele nilivisikia vikihama nyumba hadi nyumba. Nilibaki na njaa, sina hindi, nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Miaka ilipokwenda, meno yako ndiyo yakaanza kuaga. Msimu wako wa mwisho nilikaa chini ya miguu yako, nikapukuchua kama ulivyokuwa unafanya, nikajaza kiganja nikakunyooshea. Ukausukuma mkono wangu. "Chukua lile zima," ukasema, "uling'ate hapa mbele yangu. Wewe ng'ata, mimi nitashiba." Nilikula mstari kwa mstari, nawe ulikuwa unatafuna pamoja nami, mdomo mtupu, umefumba macho kwa utamu.

Sijazoea kukukosa. Msimu wa mahindi ndio unaoniuma zaidi, na ndio unaonifurahisha zaidi pia, sijui kwa nini vinakuja pamoja. Jana nilikalia kigoda chako. Nilichagua hindi lililojaa, nikalichoma kwa mtindo wako, nikageukia upande wa kaburi lako, nikang'ata kwa mbele, kwa meno yote.

Shiba, Shangazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
mwenye meno.