Damu Iliyoganda Vipunje

Mji wa Kale, Mombasa
4 Februari 2024

Kwa dada yangu Mapenzi,

Salamu nyingi. Natumai hujambo huko Mariakani, na mifugo pia. Mimi si mzima. Tangu Krismasi homa hunijia jioni, ikalowesha shuka kwa jasho, kisha asubuhi huondoka kana kwamba hatujuani. Magoti na kiuno vimenikataa. Karakanani nashika patasi, inaanguka. Malaria nimepimwa mara tatu, haionekani.

Juzi Daktari Khairiya aliniuliza, "Maziwa unayokunywa huyachemsha?"

Nikamwambia nayanywa mabichi, yanatoka kwa dada yangu. Akaniita maabara nijionee mwenyewe: tone la damu yangu na tone la dawa ya rangi ya waridi juu ya kibao cheupe. Akakitikisa polepole. Dada, damu iliganda vipunje vipunje, kama maziwa yaliyokatika!

"Hii ni brusela," akasema. "Hutoka kwa ng'ombe, hukaa hata ndani ya mifupa."

Tangu hapo natazama goti langu kama la mtu mwingine. Kidudu kisichoonekana kimetoka kwenye kiwele huko kwako, kimevuka daraja la Makupa, kimekuja kukaa humu!

Tafadhali wapimishe ng'ombe, na watu wachemshe maziwa.

Mdogo wako,
Kenga


Mariakani
17 Februari

Mdogo wangu,

Pole sana. Tunakuombea kila Jumapili. Lakini barua yako imeniuma. Maziwa yangu? Mama alitulea kwa maziwa mabichi, sote tukakua. Wateja wananiamini. Neno hili likifika sokoni, nitawatazamaje? Hebu muulize tena huyo daktari wako.

Dada yako


Mji wa Kale
24 Machi

Dada, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu lako, na simu hupokei. Dawa za wiki sita nimemaliza. Juzi nilichonga mlango tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, patasi haikuanguka hata mara moja.

Sikulaumu. Nani aliyapenda maziwa yale kunishinda mimi? Ninayemhofia ni wewe. Daktari anasema anayekamua na kuzalisha ng'ombe huipata upesi.

Mdogo wako


Mariakani
9 Juni

Kenga mdogo wangu,

Hujambo? Nisamehe kimya changu. Niliona haya.

Mwezi wa nne ng'ombe mwekundu alitupa mimba. Nilikuwa nimeshamvuta ndama kwa mikono mitupu maneno yako yaliponijia. Nikamwita daktari wa mifugo. Wawili kati ya wanne walikuwa na ugonjwa, wameondolewa. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wateja mwenyewe. Wengine walinifokea. Mwanaesha alinishika mkono tu, akaniuliza, "Na wewe umepimwa?"

Nikaenda. Nilikuwa nayo brusela.

Mgongo huu umenitesa miaka miwili, sikukwambia. Niliuita uzee. Kanisani wenzangu wakisimama kuimba, mimi hukaa kwenye benchi, na nilishakubali kuwa ndivyo nitakavyomalizia siku zangu.

Dawa zimekwisha wiki hii. Leo nilisimama wimbo wa kwanza, nikasimama wa pili, hata mchungaji alipotuambia tuketi nilikuwa bado nimesimama. Mercy wangu akanivuta gauni, "Mama, keti!" Nilikuwa nashangaa tu, machozi yananitoka, kuona mwili huu bado upo.

Dada yako,
Mapenzi